Mnazaa Kama Mnaiba

Rhobi mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo chumba cha pili unagombana na zipu ya begi na ninakusikia. Naandika kwa sababu nikija kusimama mlangoni kwako tutaongea kidogo kisha tutabishana. Umerithi mdomo wangu, hakuna atakayemaliza sentensi. Karatasi haikatizwi. Utaisoma ndani ya basi, mkishaipita Musoma, ukiwa huna pa kukimbilia.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha, mwenye nyumba na kanisa la kusali, shangazi zako wamekwisha kuyasema na wengine wameyarudia. Siyagusi. Nina jambo moja tu, na nimelikasirikia tangu Jumapili.

Jumapili tulichinja mbuzi kukuaga. Ulikaa kati ya baba yako na mjomba Mwita aliyevuka kutoka upande wa Kenya, na walipotaka habari za mafunzo yako ya ukunga ukawasimulia ile ya binti wa leba. Binti wa huko pwani, mimba ya kwanza, analia, anamwita mama yake, anashika nguo za kila anayepita. Ukamwinamia ukamwambia, "Dada, kwetu Tarime anayepiga kelele ni mbuzi. Mwanamke anazaa kimya." Mjomba Mwita alicheka mpaka akapaliwa na nyama. Akampiga baba yako begani, akasema, "Huyo ndiye Mkurya, mura." Ukamalizia kwamba binti alinyamaza mpaka mwisho, na sista wa zamu akakusifu kwamba unajua kutuliza wazazi.

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa fahari, nimeshika sahani ya ugali, nikatazama huku na huku kuona kama shangazi zako wamesikia binti yangu anavyoongea.

Wakati wa kuosha vyombo ndipo nilipokuuliza yule binti alikuwa anaitwa nani. Ukaniuliza, "Binti gani, mama?"

Sasa nisikilize. Unakwenda kuanza kazi Lindi, kwenye wodi ya wazazi, na wanawake watawekwa mikononi mwako wakiwa hawana nguvu ya kubishana na mtu. Sitaki ufike huko ukiamini kwamba Jumapili ulisimulia hadithi nzuri.

Unajua ulikuwa na kaka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza alikufaje, nami nikawa nakujibu kwamba mtoto alichoka. Ni maneno ya hospitali, utayasikia kila siku na utayaandika. Niliyapenda kwa sababu hayana mwenyewe. Lakini mtoto hachoki tu, Rhobi. Mtoto anachoshwa.

Alizaliwa Nyamongo, miaka ile ya mwanzo ya dhahabu, kabla ya uzio wa kampuni, wakati kila mwenye sululu alikuwa na duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na kila duara lilikuwa na ugomvi wake. Baba yako alikuwa ameacha ualimu tuliousomea pamoja akaingia mashimoni. Mimi nilibaki nafundisha darasa lililokuwa likipungua kila wiki, maana watoto nao walikwenda kuponda mawe. Palikuwa na kituo cha afya cha mtu binafsi, siku hizi hakipo, chenye nesi mmoja wa zamu na vitanda vilivyopangwa bila kujali nani anaumwa nini. Kliniki nilikwenda, nikapimwa uzito, nikarudi. Hakuna aliyeniambia neno kuhusu siku yenyewe. Na mimi, niliyekuwa nasoma hadi gazeti lililofungiwa maandazi, sikuuliza. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba sitalia.

Siku niliyoshikwa na uchungu, duara moja liliporomoka. Wakaletwa wanaume kwa matoroli na migongoni mwa wenzao. Hao walikuwa wanaume waliotahiriwa mbele ya watu bila kupepesa jicho, na siku ile walipiga mayowe, wakamtaja Mungu, wakawataja mama zao. Haki yao, mguu uliovunjika unauma. Hakuna aliyewaambia kwamba anayepiga kelele ni mbuzi. Nesi alimkimbilia kila aliyelia, kwa sababu peke yake katika chumba kile hakuwa na njia nyingine ya kujua nani yuko vibaya. Mimi nilikuwa pembeni, nimeuma kanga, nimegeukia ukuta. Nje alikaa bibi yako, mama wa baba yako, pamoja na wanawake wa ukoo, na kila mara akawa anawaambia kwamba hajasikia kitu, kwa sauti ya mtu anayemsifia ng'ombe wake.

Nesi alinipita. Aliporudi tena nilimwinulia mkono. Akanitazama usoni, na uso wangu ulikuwa mkavu kama wa mtu aliyepanga foleni posta. Akasema, kwa upole kabisa, "Wewe bado. Mwenye uchungu anajulikana."

Sikumjibu. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na Kiswahili cha kutosha kusema nesi, mtoto anatoka. Nilinyamaza kwa sababu kusema kulikuwa karibu mno na kulia. Kaka yako alitoka bila mtu wa kumpokea, kitovu kimemzunguka shingo. Nesi alipogeuka akamwona, alifanya yote aliyoyajua. Alimpulizia, akamsugua, akampulizia tena. Kisha akakaa sakafuni akalia kwa sauti, mgeni yule asiyetoka kwetu, na bibi yako akaingia kuuliza ni nani anayepiga kelele.

Kwa miaka mingi nilimchukia nesi yule. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa nilikuwa nimeiona sura yake. Waliomweka peke yake sikuwahi kuziona sura zao. Ardhi ile ilikuwa inatoa dhahabu kila siku, kila kiroba cha mawe kilikuwa na mlinzi wake, na watu wote wale walikuwa na nesi mmoja. Ukitaka kujua nani anafaidi ukimya wa wanawake wa Tarime, usimtafute mbali. Mwanamke asiyelia ni rahisi kumpunguzia nesi, kumpunguzia kitanda, kumpunguzia glavu. Atakuja na wembe wake na karatasi yake ya nailoni, atazaa, atashukuru, ataondoka. Halafu watatusifu kwamba ni mashujaa. Sijawahi kuona mwanamke aliyesifiwa ushujaa akaongezewa na godoro.

Baada ya maziko niliomba uhamisho, nikapelekwa Nyambureti. Baba yako aliacha mashimo akanifuata, na watu wakasema nimemwoa. Huko palikuwa na zahanati ndogo, na ndani yake palikuwa na Nesi Perusi, Mluo wa kando ya ziwa, mnene, mwenye majivuno. Alitundika cheti chake cha ukunga juu ya kalenda, na kila alipotaka kugombana na mtu alikitazama kwanza.

Nilipofika na mimba yako aliniuliza siku ile nitafanya nini. Nikamwambia nitanyamaza.

"Najua," akasema. "Nyinyi Wakurya mnazaa kama mnaiba. Nimedaka watoto wa wanawake ambao muda si mrefu walikuwa wananiuliza bei ya dagaa."

Niliumia. Nikamjibu kwamba nao Waluo wanalia hata kuku akifa. Akasema afadhali kuku wao, watu wanajua kwamba amekufa.

Nilikwenda nyumbani nimekasirika na nikarudi wiki iliyofuata, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali kuhusu siku ile. Kila siku ya kliniki, tukishapimwa, alitubakiza kwenye benchi wote tuliokuwa karibu kujifungua. Alichukua sweta la mtoto wa shule na boga dogo, akalipitisha boga kwenye shingo ya sweta polepole, tuone kwa nini njia inachukua muda kufunguka, na kwa nini anayesukuma mapema anajichana bure. Alitueleza kwamba uchungu unapanda, unafika kileleni, unashuka, na kwamba kati ya mmoja na mwingine kuna mapumziko ambayo ni mali ya mama, alale, anywe uji, acheke akitaka. Alitukataza kulala chali kama samaki anayekaushwa. Alitaka tutembee, tuchuchumae, tupige magoti.

Kisha akataka waume. Baba yako alikuja, akakaa katikati ya wanawake na kofia yake magotini, akafundishwa kunikandamiza kiuno kwa viganja. Wenzake kilabuni walimwita mkunga mpaka tunahama. Bibi yako naye akaitwa kutoka huku Gorong'a, akaja amenuna. Na Nesi Perusi hakuishia hapo. Alimfuata mwenye lori la mahindi akamwapisha kwamba mwezi ule gari halitalala bila mafuta. Akampima damu mdogo wangu, akamwambia asisafiri, nisije nikahitaji kuongezewa. Nikamuuliza mbona ananitisha, si tumesema nitazaa kwa kawaida? Akakitazama cheti chake. Akasema kuzaa kwa kawaida si kamari, na anayejiandaa kwa njia moja tu hajajiandaa.

Ndiyo maana nawakasirikia pia hawa wa siku hizi wanaozungumzia njia ya kawaida kana kwamba ni medali, na wanaomwangalia aliyepasuliwa kana kwamba amefeli mtihani. Nimewasikia hata kanisani. Ningepelekwa kupasuliwa ili uishi, ningekwenda naimba.

Uchungu wako ulinianza asubuhi, niko ubaoni. Nilimaliza hesabu niliyoianza, nikamwachia darasa mwalimu mwenzangu, nikatembea mpaka zahanati. Tukazunguka jengo, mimi na baba yako, kila uchungu ukija nasimama namwegemea, ukipita tunaendelea. Nesi Perusi alinipa uji wa ulezi. Mara kwa mara aliweka kile kibomba chake cha mti tumboni, akausikiliza moyo wako, akaniambia unakimbia vizuri. Mhudumu wake alichemsha vyombo huku akituchekesha kwa habari za sokoni. Sikuachwa peke yangu hata kwa muda wa kwenda chooni.

Mchana uchungu ukawa mkali. Na mwili wangu, pamoja na mafunzo yote yale, ulikwenda ulikozoea. Niligeukia ukuta nikaingiza kanga mdomoni.

Nesi Perusi aliivuta kanga ile kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Ukisaga ulezi kwenye jiwe," akaniuliza, "unanyamaza?"

Nikasema hapana. Hakuna anayesaga kimya. Kuna sauti inayotoka chini ya tumbo pamoja na mikono, hata wewe ulimsikia bibi yako.

"Unapiga magoti?"

Nikasema ndiyo.

"Basi piga magoti. Leo unasaga."

Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikashika chuma cha kitanda, baba yako nyuma yangu na viganja vyake. Uchungu ulipokuja nikasukuma mabega mbele na kuyarudisha, na sauti ikatoka, nzito, ya chini. Bibi yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Kwetu hatulii."

"Hajalia, mama," Nesi Perusi akamjibu bila kugeuka. "Anasaga."

Nilimwona bibi yako akifikiri. Alikuwa amesaga tangu utoto wake, na kwetu mwanamke haachwi kusaga peke yake kama mwenzake yuko hapo hapo bomani. Alisimama pale uchungu mmoja ukapita. Ulipokuja mwingine alivua viatu, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono, akaanzisha ule wimbo wa kusagia. Akiimba, namjibu kwa tumbo. Baba yako, viganja vimekufa ganzi, akauliza kama aache. Tulimjibu wanawake watatu kwa pamoja kwamba asiache.

Iliuma, Rhobi. Usije ukamdanganya mwanamke kwamba mafunzo yanaondoa maumivu. Iliuma kuliko mara ya kwanza, au labda mara hii nilikuwepo. Lakini kuumwa ukiwa umeshikwa na kuumwa ukiwa umeachwa ni vitu viwili, na mimi nimevipitia vyote. Kila uchungu ulipopanda nilijua utashuka, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa, na kwa sababu kulikuwa na mtu mbele yangu na mtu nyuma yangu.

Kisha sauti yangu ikabadilika. Sikuibadilisha mimi. Ikawa fupi, ikawa inakatika katikati. Nesi Perusi alikuwa anaandika mezani. Kabla sijasema kitu alikuwa amesimama ananawa mikono. Alisikia, mwanangu. Alijua saa yangu kwa sikio, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusikia. Akaniambia nisisukume, nipumue kama mbwa aliyekimbia, na kichwa chako kikatoka polepole kama lile boga.

Na kitovu kilikuwa kimekuzunguka shingo.

Nilisikia akisema, kwa sauti ya kawaida, "Subiri kidogo." Akaingiza kidole, akakiinua kitovu, akakipitisha juu ya kichwa chako. Basi. Kwa uchungu uliofuata wewe ukatoka mzima, ukalia, ukawekwa kifuani kwangu hata kabla hujakatwa kitovu.

Kidole kimoja. Kaka yako alikosa kidole kimoja.

Bibi yako aliuliza kamba ile imefanyiwa nini. Nesi Perusi akamwonyesha hewani kwa kidole. Bibi alikitazama kile kidole muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akimsifu mwanamke kwa kunyamaza. Hatukuongea zaidi ya hapo, mpaka alipokufa. Mimi ninayeongea na kila mtu, ninayeandikia magazeti, ninayewasimamisha madiwani kwenye mikutano, sikuweza kuongea na bibi yako juu ya jambo lile, na wala na wewe.

Hapo ndipo nilipokosea. Tulifundishwa kunyamaza siku ya kukeketwa, mimi na wenzangu, tukiambiwa kwamba ukipepesa jicho umewavua nguo wazazi wako. Wewe nilikuepusha. Niligombana na ukoo wa baba yako mpaka wakaniita mwanamke wa magazeti, na nilishinda, na nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe nilikizuia kisu mlangoni nikauacha ukimya wake upite, ukakaa na sisi, ukala na sisi. Ulipoanguka kwenye baiskeli nilikusifu kwa kutolia. Ulipoumwa jino nilikusifu. Nilidhani nalea binti jasiri. Halafu ukaenda kumpelekea binti wa watu kitu kile kile, na akakipokea, na tukamla mbuzi tukicheka.

Umesimulia kwamba alinyamaza. Hukusimulia ulijuaje amefika wapi baada ya kunyamaza. Hukusema kama ulimshika tumbo, kama ulimsikiliza mtoto, kama ulimwambia kinachokuja. Huenda ulifanya yote hayo, nakujua u mchapakazi. Lakini hayakuwa sehemu ya hadithi, na hakuna hata mmoja wetu mezani aliyeuliza kama mtoto alizaliwa mzima. Kilichotufurahisha ni kimya.

Yule binti alikuwa anamwita mama yake, Rhobi. Alikuwa anafanya kile ambacho mimi sikuweza kufanya, alikuwa anawaambia watu yuko wapi. Na aliyekwenda kumziba mdomo ni binti yangu.

Utakwenda kuwakuta wanaolia sana na utawaona dhaifu. Siku nyingine serikali itakurudisha huku, utawakuta wanaouma kanga, na utawaona wako salama. Utakosea kwa wote wawili, na kosa litakuwa ni lile lile, kwamba umempima mtu kwa kelele kabla hujamgusa. Mwekee mkono. Muulize. Mwambie kitakachotokea kabla hakijatokea. Kama hakuna mume, hakuna mama mkwe, hakuna mhudumu, basi wewe ndiye mbele na wewe ndiye nyuma, na kama mko wachache kuliko kazi, hapo ndipo nataka kusikia mdomo niliokurithisha, ofisini kwa wakubwa, si kitandani kwa mgonjwa.

Ukiisoma barua hii, wazee watakuwa wamekwisha kukuombea pale uwanjani. Mjomba Mwita atakuwa amekuwekea mkono kichwani na kukwambia, kama tunavyomwambia kila anayeondoka, usituaibishe huko kwa watu. Utakuwa umeitikia, ni mkubwa wako, na umempa shikamoo yake. Mimi sitakuwa nimelisema neno hilo, na kama uliniona nimekaa kimya usidhani nilikubali.

Mwanamke wa kwanza atakayepiga kelele mikononi mwako, muulize jina lake. Mwache alie. Mkandamize kiuno. Na wenzako wakikucheka, wakikuuliza wewe ni Mkurya wa namna gani unayewalea wanaolia, waambie mama yako ndiye aliyekutuma.

Mimi,
mama yako